Ingia Mara Moja! Uhakiki wa Istilahi za Kujitambulisha katika Mifumo ya Masomo ya Vyuo

Kijitabu nitakachokihakiki hapa nilionyeshwa ndani ya basi, katika safari ya kutoka Iringa kwenda Mbeya. Kina kurasa nne tu. Kimepigwa chapa na chuo kimoja cha elimu ya juu katika Nyanda za Juu Kusini, nacho chawaelekeza wanafunzi wa mwaka wa kwanza namna ya kuifikia mifumo ya masomo ya mtandaoni ambayo chuo hicho hushirikiana na vyuo vingine. Chuo chenyewe sitakitaja, maana makosa nitakayoyaonyesha si yake peke yake. Mfasiri wake amefanya yale ambayo wengi wetu tumeyafanya, na baadhi yake nimewahi kuyafanya mimi mwenyewe kwa kalamu hii hii.

Juu ya ukurasa wa kwanza pameandikwa kwa herufi kubwa: "INGIA MARA MOJA KATIKA MIFUMO YOTE." Binti aliyekuwa na kijitabu hicho, mwanafunzi wa ualimu, aliponiona nimekodolea macho mstari huo alitabasamu akasema, "Shikamoo Mwalimu. Hata sisi tuliposoma hapo tulidhani mtandao wakaribia kufungwa. Mbona wanatuharakisha hivi?"

Tulicheka. Lakini kabla hatujafika Makambako alikuwa amekwisha kunieleza jambo jingine lililotokana na kijitabu hicho hicho, na hilo halikuwa la kuchekesha. Nitalieleza mahali pake.

Tuanze na hilo la haraka. Maneno "mara moja" katika Kiswahili yana maana mbili ambazo hutenganishwa na kitenzi kinachoyatangulia. Tukisema "Nilikwenda Tukuyu mara moja", twahesabu safari. Tukisema "Njoo mara moja", hatuhesabu kitu. Twaamuru, na anayeitwa hana nafasi ya kumalizia chai yake. Kitenzi kikiwa cha kuamuru, maana ya kuhesabu hufifia na ile ya kuharakisha ndiyo isimamayo. Mfasiri aliandika kitenzi cha kuamuru, kisha akategemea maana ya kuhesabu. Msomaji hakukosea hata kidogo. Alisoma Kiswahili kama kilivyo.

Wengine watasema dawa yake ni kuongeza kiunganishi: "kuingia kwa mara moja", au "nywila ya mara moja". Hapo twaangukia shimo la pili. Mabenki na makampuni ya simu yamekwisha kulichukua fungu hilo kwa jambo jingine kabisa, yaani ile namba ya siri inayotumwa kwenye simu, itumikayo mara moja kisha ikafa. Mwanafunzi ambaye ameipokea namba kama hiyo tangu yuko sekondari, akiambiwa "kuingia kwa mara moja", ataelewa kwamba akitoka hatarudi tena. Naye hatakuwa amekosea.

Dhana yenyewe

Tangu Baraza lianze kutoa Tafsiri Sanifu mwaka 1974, na hata baada ya TUKI kuchapisha Kiongozi cha Uundaji wa Istilahi za Kiswahili mwaka 1992, kazi ya Zubeida Tumbo-Masabo na Hermas Mwansoko, wafasiri tumekuwa tukikumbushana kwamba istilahi hutafutiwa dhana, haitafutiwi neno. Waingereza wameiita dhana hii kwa maneno matatu ambayo, moja moja, ni "moja", "saini" na "juu". Nimepata kuona rasimu ya waraka iliyoandikwa "saini moja", kana kwamba mwanafunzi ataletewa kalamu. Basi tuyaache maneno hayo, tutazame jambo lenyewe.

Tuchukue mwanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, pale Iringa, ambaye ataka kusoma kozi iliyowekwa katika mfumo wa chuo kilichoko Mbeya, zaidi ya kilomita 300 kutoka alipo. Mfumo wa Mbeya haumwulizi nywila. Humwuliza swali moja tu: wewe ni wa chuo gani? Akishakitaja chuo chake, hurudishwa huko, na huko ndiko anakoandika jina na nywila yake. Chuo chake kikiridhika kwamba ni yeye, hutoa hati ya kielektroniki iliyotiwa saini kwa njia ya hisabati, na kivinjari chake huibeba hati hiyo hadi Mbeya. Mbeya huikagua saini, huisoma hati, kisha huamua kumruhusu au kutomruhusu. Saa moja baadaye akihitaji maktaba ya chuo cha tatu, chuo chake chakumbuka kwamba amekwisha kujitambulisha asubuhi ile, nacho humwandikia hati nyingine bila kumwuliza tena. Nywila yake haikuvuka mlango wa nyumbani. Mbeya hawakuiona, wala maktaba.

Hati hizo zina kanuni za kimataifa, na toleo linalotumika sana, SAML 2.0, lilisanifiwa mwaka 2005. Lakini msomaji wa Kiswahili hahitaji kwenda mbali kiasi hicho ili aelewe. Mwanafunzi wa Iringa anayekwenda kufanya utafiti katika ofisi ya serikali huko Mbeya hubeba barua ya utambulisho yenye mhuri wa chuo chake. Ofisa wa Mbeya hampi mtihani ili ajue kama kweli ni mwanafunzi. Huutazama mhuri. Anauamini mhuri kwa sababu anakiamini chuo, kisha kwa mamlaka yake mwenyewe huamua ni majalada gani mgeni ayaone na ni yapi asiyaone. Hali kadhalika anayefungua akaunti ya benki akiwa na barua ya mtendaji wa kata. Dhana tunayoisaka, kwa hiyo, si ngeni kwetu. Limebadilika karatasi tu.

Nimechagua mfano wa mikoa hii miwili kwa makusudi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Mkwawa huko Iringa tangu mwaka 2005, na kina Ndaki ya Sayansi za Afya huko Mbeya. Mzumbe nacho kina ndaki Mbeya. Chuo Kikuu Huria, kilichoundwa kwa sheria mwaka 1992, kina vituo katika miji yote miwili. Ongeza Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, kilichotokana na chuo cha ufundi cha mwaka 1986, ongeza Chuo Kikuu cha Iringa na kile cha Kikatoliki cha Ruaha. Hapa pana walimu wafundishao chuo kimoja na kusahihisha tasnifu za chuo kingine, na wanafunzi ambao kitabu wanachokihitaji kiko bonde la pili. TERNET, mtandao wa elimu na utafiti wa Tanzania, uliundwa ili taasisi za namna hii ziunganishwe, nao umo katika UbuntuNet Alliance, umoja wa mitandao ya elimu ya Afrika Mashariki na Kusini ulioanzishwa mwaka 2005. Wale waliowahi kutumia eduroam, huduma iliyozaliwa Ulaya kutokana na pendekezo la mwaka 2002, wamekwisha kuonja dhana hii: mgeni ajiungapo na mtandao wa chuo alichokitembelea, anayemthibitisha ni chuo chake mwenyewe alikotoka.

(Neno "ndaki" nimelitumia hapo juu bila kulieleza. Lilipoingia, wengi tulishangaa. Leo limo katika barua rasmi na hakuna aulizaye. Wanaodai kwamba istilahi mpya hazikubaliki watembelee vibao vya vyuo vyetu.)

Istilahi zilizopendekezwa

Ukurasa wa pili wa kijitabu wasema: "Mwanafunzi atumie nywila moja kwa mifumo yote." Sentensi hii ni fasaha, haina kosa la sarufi, na ndiyo yenye madhara makubwa kuliko zote. Teknolojia tunayoieleza ilibuniwa ili nywila isisambae. Sentensi hiyo yamwagiza mwanafunzi aisambaze. Atafanya hivyo kwa utii: nywila ya chuo ataipeleka kwenye barua pepe yake, kwenye duka la mtandaoni, kwenye tovuti ya kupakulia nyimbo. Siku tovuti dhaifu kuliko zote itakapoibiwa, mwizi atakuwa na funguo za masomo yake. Kuna tofauti kubwa baina ya kuwa na nywila moja inayojulikana mahali pengi, na kuwa na mahali pamoja panapojua nywila. Mfasiri aliiona "moja" akaibandika kwenye nomino iliyokuwa karibu.

Pendekezo jingine nililolisikia ni "akaunti ya pamoja". Hili nalikataa kwa sababu mbili. Kwanza, katika benki akaunti ya pamoja ni mali ya watu wawili au zaidi, mathalani mume na mke. Pili, vyuo vyetu vina historia yake. Shirika la Afya Duniani lilipoanzisha mpango wa HINARI mwaka 2002, ili majarida ya tiba yazifikie nchi zenye kipato kidogo, taasisi nzima ilipewa jina moja na nywila moja, na mkutubi ndiye aliyekuwa akizigawa. Kwa wakati wake mpango huo ulikuwa neema. Lakini uliwazoesha wasomi wetu kuona nywila kuwa ni kitu cha chuo, kinachoandikwa kwenye karatasi na kupitishwa mkono kwa mkono. Neno "pamoja" laamsha mazoea hayo hayo.

"Ufunguo mmoja" nao unapendwa na mafundi. Nawaomba wakumbuke kwamba ufunguo mmoja unaofungua makufuli mengi tayari una jina lake katika Kiswahili cha mtaani na cha taarifa za polisi, na jina hilo ni "ufunguo malaya". Sitaendelea. Hata tukiweka staha kando, mfano wenyewe si sahihi, kwa kuwa hapa kila mlango una kufuli lake na hakuna mlango unaougusa ufunguo wa mgeni.

"Kiingilio kimoja"? Waulize mashabiki nje ya uwanja wa Sokoine au wa Samora kiingilio ni nini, nao watakutajia shilingi. "Dirisha moja" limekwisha kutwaliwa na watu wa forodha.

Lililonisumbua zaidi ni "hodi moja". Nililipata kwa mwalimu mmoja wa Iringa, mzee mwenye sikio zuri la lugha, nami nililipenda tangu nilipolisikia. Tazameni adabu yetu ya mlangoni ilivyo. Mgeni husema, "Hodi." Wa ndani hujibu, "Nani?" Mgeni hujitaja. Kisha ndipo husikika, "Karibu"; na hata akishakaribishwa, kuna anayeishia barazani, kuna anayeingia sebuleni, na kuna mmoja au wawili tu wanaofika jikoni. Mafundi wa kompyuta wanahangaika kuwafunza wanafunzi wao kutenganisha mambo matatu: ombi la kuingia, uthibitisho wa nani anaingia, na idhini ya kufika mahali fulani. Vitabu vyao huyachanganya. Kijitabu changu chayaita yote matatu "uthibitisho". Mtoto wa Kiswahili huyatenganisha kabla hajajua kusoma, kwa kuwa hodi si nani, wala nani si karibu. Sijui lugha nyingi zilizo na mpangilio huo wazi namna hiyo, tena kwa maneno matatu mafupi.

Hata hivyo siwezi kulipendekeza. Hodi ni ombi tu, haithibitishi kitu. Jambazi naye hupiga hodi. Mzigo wa dhana yetu uko kwenye "nani", na kwenye yule asiyekuwepo mlangoni ambaye anajibu kwa niaba ya mgeni: "Huyu ni wangu, namjua." Hodi haimtaji huyo. Isitoshe, tumezoea kwamba hodi hupigwa hata mara tatu, na isipoitikiwa mtu hujiondokea. "Hodi moja" ingesikika kama upungufu wa adabu. Nasema haya nikisikitika. Natumaini kwamba walimu watautumia mfano huo darasani hata kama hautaingia katika orodha ya istilahi.

Jisajili

Sasa nirudi ndani ya basi.

Kijitabu, baada ya kutumia "ingia" katika ukurasa wa kwanza, katika wa tatu chabadili neno bila taarifa: "Jisajili kwa nywila yako kila unapotaka kutumia mfumo." Kosa hili limeenea mno. Kiingereza hutumia maneno yanayokaribiana kwa kufungua akaunti mara ya kwanza na kwa kuingia kila siku, na wafasiri wetu wamekuwa wakiyapa yote "jisajili". Lakini chuoni neno "usajili" halikuwa likingojea kompyuta. Lina maana yake ya miaka mingi: kila muhula mwanafunzi hulipa ada, hupeleka ushahidi wa malipo, huchagua masomo, na jina lake huingizwa katika orodha. Asiyesajiliwa hafanyi mtihani.

Binti yule alijisajili. Alijisajili Jumatatu, akajisajili Jumanne, akajisajili karibu kila siku ya muhula, kwa maana ile ya kijitabu. Mfumo ulimpokea, ukamwonyesha masomo, ukampa hata kazi za kufanya. Ada alikuwa amelipa. Alipoona tangazo ubaoni kwamba wanafunzi wote wajisajili kabla ya tarehe fulani, hakushtuka, maana alijua amekwisha kujisajili, tena mara nyingi. Orodha ya mtihani ilipobandikwa, jina lake halikuwamo. Wenzake kadhaa walikuwa katika hali hiyo hiyo. Siku ile tuliyosafiri pamoja alikuwa anakwenda Mbeya kuonana na mjomba wake, kumweleza kwa nini huenda akachelewa kuhitimu, kwa sababu mjomba ndiye aliyelipa, na mambo ya namna hiyo, alisema, hayaelezwi kwa simu.

Sidai kwamba neno moja ndilo lililomkosesha mtihani. Tangazo lingeweza kuwa wazi zaidi. Naye angeweza kuuliza. Lakini nilipomtaka anisomee mstari ule wa kijitabu, aliusoma kwa sauti, kisha akaniuliza, "Sasa Mwalimu, hapa nilikosea wapi?" Nilitafuta jibu. Kwa Kiswahili kilichoandikwa pale, hakuwa amekosea.

Kwa hiyo ombi la kwanza kwa Baraza, ambalo naliona la haraka kuliko lile la istilahi mpya: "kujisajili" libakie kwa kuandikishwa, iwe ni kwa muhula au kwa kufungua akaunti mara ya kwanza; "kuingia" litumike kwa kuingia. Hapana ubunifu wowote unaohitajika. Yahitajika nidhamu tu.

Nywila na shibolethi

Nimetumia neno "nywila" katika makala haya yote, na najua kwamba baadhi ya wasomaji wanataka "nenosiri". Tangu programu za ofisi zianze kutolewa kwa Kiswahili, ile ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004 na zile za Microsoft zilizofuata, maneno haya mawili yamekuwa yakigombania kiti kimoja. "Nenosiri" lajieleza lenyewe. "Nywila" halijielezi, lakini ni fupi na halichanganyiki na kitu kingine. Mimi nimekwisha kuchoka na ugomvi huu. Kijitabu changu chatumia yote mawili, na mara moja chaongeza "namba ya siri". Binti alidhani ni vitu vitatu tofauti. Chuo kichague moja.

Hapa pana kisa kinachostahili kusimuliwa. Programu mojawapo inayotumiwa sana na vyuo vikuu duniani kwa kazi hii ya kutambulishana, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka Marekani mwaka 2003 chini ya umoja wa Internet2, huitwa Shibboleth. Jina hilo lilichukuliwa katika Kitabu cha Waamuzi, sura ya 12. Wagileadi walikuwa wamewashinda Waefraimu, wakavishika vivuko vya mto Yordani. Kila mtoro aliyefika kivukoni akasema ataka kuvuka aliulizwa kama ni Mwefraimu. Akikana, alitakiwa atamke neno "shibolethi", ambalo kwa Kiebrania laweza kuwa suke la nafaka au mkondo wa maji. Waefraimu hawakuwa na sauti sh katika matamshi yao. Walisema "sibolethi". Waliouawa, kitabu chasema, ni watu 42,000.

Waliochagua jina hilo walifanya mzaha wa kisomi, nao si mbaya. Lakini kwetu sisi wa istilahi kisa hiki kina uzito mwingine. Neno lile halikuwa gumu; lilikuwa la kawaida kabisa kwa aliyezaliwa ng'ambo ya pili. Katika lugha zetu za Kibantu zimo zisizotenganisha r na l, na kila mwalimu aliyefundisha nyanda hizi amewahi kumsikia mtoto akichekwa na wenzake kwa ajili ya sauti moja. Istilahi nazo zaweza kuwekwa kivukoni. Ofisa akiandika kwenye ukurasa wa mlango wa chuo neno ambalo yeye na wenzake watano walikubaliana semina fulani, na akamtaka mwanafunzi wa kutoka Makete au Ileje alielewe au abaki nje, amefanya kazi ile ile ya kivuko, ingawa hakuna damu. Ndiyo maana napenda istilahi zigawanywe: zile za mafundi, ambazo zaweza kuwa na ukali wa kitaalamu, na yale maneno machache ya kwenye kitufe, ambayo hayana budi kueleweka na mtu ambaye hajafundishwa lolote.

Mapendekezo

Kwa kitufe napendekeza: "Ingia kupitia chuo chako." Maneno manne, hakuna jipya hata moja, na yanaeleza kwa usahihi kitakachotokea. Neno "moja" halimo, wala halihitajiki. Mwanafunzi hana haja ya kujua kwamba ameingia kwa mbinu fulani. Ahitaji kujua aelekee wapi.

Kwa mafundi na kwa nyaraka napendekeza "utambulisho mmoja". Nakiri kasoro yake: "utambulisho" laweza kuwa tendo, na laweza kuwa kitu anachokibeba mtu. Lakini mzizi wake wazaa vizuri. Kile chuo kinachomjua mwanafunzi na kumwandikia hati, ambacho sasa huitwa "mtoa utambulisho" kwa kufuata Kiingereza hatua kwa hatua, kiitwe "mtambulishi". Mfumo unaomkaribisha mgeni kwa kuuamini mhuri wa mwingine uitwe "mpokezi". Mtambulishi, mpokezi, na mgeni kati yao: ni barua ile ile ya utambulisho, na mwanafunzi wa sheria au wa kilimo ataielewa bila mchoro. Kundi la vyuo vilivyokubaliana kuaminiana liitwe "shirikisho la utambulisho". Neno limezoeleka tangu siasa hadi mpira wa miguu, na hapa halina ugomvi.

Jambo moja dogo la ukurasa wa tatu lisipite. Kijitabu chasema, "Chuo kitatuma sifa zako kwa mfumo mwingine." Wanafunzi walifurahi. Kinachotumwa ni jina, namba ya mwanafunzi, barua pepe na kama mtu ni mwanafunzi au mwalimu. Hizo ni taarifa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imekwisha kutupatia fungu la maneno: "taarifa binafsi". Panapohusika haki ya mtu kuambiwa ni nini chake kinachopelekwa kwa mwingine, tusiliache neno la sheria tukachukua la kusifia.

Limebaki neno la mwisho la kijitabu, nalo linanipa shida mpaka leo. Kwenye ukurasa wa nne pana mstari mmoja chini kabisa: "Ukimaliza, toka." Binti aliniambia kwamba wapo waliotii kwa kuinuka na kutoka nje ya maabara, wakaiacha kompyuta wazi kwa anayefuata. Lakini hata waliobonyeza kitufe cha "Toka" hawakuwa salama. Kitufe hicho humtoa mtu katika mfumo mmoja tu, yaani kwa mpokezi. Mtambulishi bado anamkumbuka. Atakayeketi kwenye kiti kile dakika mbili baadaye, akibonyeza "Ingia kupitia chuo chako", hataulizwa kitu. Ataingia kwa jina la aliyetangulia. Ni mambo mawili tofauti, na Kiswahili cha kijitabu kina neno moja tu.

Nilifikiria "kuaga". Aliyeingia kwa hodi hutoka kwa kuaga, na kuaga ni kumwambia mwenye nyumba kwamba sasa naondoka kweli. Nilikuwa tayari kuliandika, hadi mwenzangu mmoja wa Mbeya aliponiuliza mzazi atafanya nini siku atakapokutana na ujumbe usemao kwamba mwanawe "ameaga". Nikalifuta. Kisha tukajaribu "Toka hapa" kwa mfumo mmoja na "Toka kote" kwa yote pamoja na mtambulishi. "Toka kote" latosha: ni fupi, na lasema lifanyalo. "Toka hapa" ni tusi. Kwa sasa katika rasimu ninayoipeleka Barazani nimeandika "Toka mfumo huu" na "Toka kote", na nimeomba vitufe hivyo viwekwe jirani, kile cha pili kikiwa kikubwa zaidi, katika kila maabara ambamo kompyuta moja hutumiwa na watu zaidi ya mmoja.